MWULIZENI MGONJWA KWANZA
Neno juu ya simu na ugonjwa wa sukari



Siku hizi habari za simu zinasikika kila mahali, hata katika mambo ya ugonjwa. Watu wenye elimu wanatengeneza programu za simu ili kuwasaidia wagonjwa wa sukari. Simu inamkumbusha mtu saa ya dawa. Simu inatunza hesabu ya sukari yake. Simu inamfundisha chakula cha kufaa. Mambo haya ni mema, wala sisemi kinyume chake. Lakini katika kurasa hizi nataka kusema neno moja, nawe ulipime: kifaa cha kumsaidia mgonjwa kisitengenezwe bila mgonjwa mwenyewe. Aitwe tangu siku ya kwanza, aketi pamoja na watengenezaji, aulizwe, na neno lake litiwe katika kazi. Asiitwe mwisho, wakati kazi imekwisha, ili apige makofi tu.

Nasema neno hili kwako wewe unayekaa Katoyi, au Majengo, au mtaa mwingine wa mji wetu wa Goma. Wewe mwenye sukari, au mwenye kutunza mtu wa sukari nyumbani. Yawezekana siku moja watu watakuja kwako na simu mkononi, wakitafuta maoni yako. Siku ile usikose la kusema.

Ugonjwa unaokaa nyumbani

Sukari si kama malaria. Mtu wa malaria anakuja hospitali, anapimwa damu, anapewa dawa, anakunywa siku chache, anapona, anarudi shambani. Mtu wa sukari hakai hivyo. Ugonjwa wake unalala naye na kuamka naye. Kila mara anapokula, anapofanya kazi, anapofunga, anapougua homa, anapohangaika moyo, sukari ya damu inapanda au inashuka.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mgonjwa anakuja kwetu mara moja kila mwezi, na kila mara tunakaa naye nusu saa. Katika mwaka mzima tumekaa naye saa 6. Lakini mwaka una saa 8,760. Saa zile nyingine zote, mwuguzi wake ni nani? Ni yeye mwenyewe, pamoja na mke au mume wake, mama yake au watoto wake. Yeye ndiye anayechoma sindano. Yeye ndiye anayepima ugali sahanini. Yeye ndiye anayejisikia usiku kwamba mwili unatetemeka.

Basi, ni nani anayeujua ugonjwa huu? Daktari anajua mambo ya damu, ya figo, ya macho na ya dawa. Ni elimu kubwa, tunaiheshimu. Lakini mambo ya kuishi na sukari kila siku, pasipo fedha nyingi, katika nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, hayo anayajua mgonjwa. Elimu hizi mbili zinahitajiana. Simu ikitengenezwa kwa elimu ya kwanza tu, itakuwa kama mtu anayetembea kwa mguu mmoja.

Wala jambo hili si la watu wachache. Shirikisho la kimataifa la ugonjwa wa sukari lilihesabu kwamba mwaka 2024 watu wazima wapata milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na walio wengi wanakaa katika nchi za mapato madogo na ya kadiri. Wengi hawajui bado kwamba wanao.

Tazama chukudu

Ukitaka kuelewa neno langu, tazama chukudu inayopita mbele ya nyumba yako. Ni nani aliyeitengeneza? Haikutoka katika kiwanda cha Ulaya. Watu wetu wa Kivu waliichonga wenyewe kwa miti yao, kwa sababu wao ndio waliobeba viazi, makaa na mbao migongoni mwao. Magurudumu ni ya mti, wakayavika mpira wa gari uliochakaa, ili yasivunjike upesi juu ya mawe. Mahali pa kupigia goti, wakaweka kipande cha mpira au cha kandambili, kwa sababu goti lao liliumia. Penye mteremko walihitaji kusimama, wakaweka kipande cha mpira cha kukanyaga juu ya gurudumu la nyuma.

Kila sehemu ya chukudu inajibu taabu fulani ya mtu anayeisukuma. Kwa hiyo inabeba mizigo mizito sana, na mtu akiiharibu anaitengeneza mwenyewe. Mji wetu umeipa heshima: sanamu yake ya rangi ya dhahabu inasimama katikati ya njia kuu. Mgeni mwenye elimu ya mashine angeweza kutuletea gari zuri dogo la chuma. Lakini kama hangeuliza habari za goti na za mteremko, gari lile lingelala nyuma ya nyumba.

Na iwe hivyo kwa programu ya simu. Goti la mgonjwa liko wapi? Mteremko wake ni upi? Hayo ndiyo maswali.

Bwana mwenyewe aliuliza

Mnakumbuka habari ya Bartimayo kando ya njia ya Yeriko. Alikuwa kipofu, akiomba sadaka. Watu walimwambia anyamaze, lakini alizidi kupaza sauti. Bwana akasimama, akaagiza aitwe. Tena kabla ya kumponya alimwuliza anataka afanyiwe nini.

Fikiri jambo hili. Kila mtu pale aliona kwamba ni kipofu. Je, Bwana hakujua? Alijua. Hata hivyo aliuliza. Alimpa yule maskini nafasi ya kusema haja yake kwa kinywa chake. Kama Mwana wa Mungu, anayejua mioyo yote, aliuliza kwanza, sisi wauguzi na madaktari na watengenezaji wa simu tutaachaje kuuliza, sisi tusiojua hata kilichopikwa jana katika nyumba ya mgonjwa?

Mambo yaliyojaribiwa

Huenda utasema: Je, kutuma maneno kwa simu kunatosha? Jambo hili limekwisha kujaribiwa katika nchi yetu wenyewe. Miaka zaidi ya 10 iliyopita, watafiti walijaribu kutuma ujumbe mfupi kwa simu za wagonjwa wa sukari katika nchi tatu: Kongo yetu, huko Kinshasa, Kamboja, na Ufilipino. Katika kila nchi walikusudia kuandika watu wapatao 480. Wengine walipata matunzo ya kawaida tu. Wengine walipata matunzo yale yale na ujumbe wa simu juu yake, kwa muda wa miaka miwili. Mwisho walipima damu kwa kipimo kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Sukari ya wale waliopata ujumbe haikuonekana kuwa nzuri kwa hakika kuliko ya wenzao.

Tusikate tamaa kwa habari hiyo, bali tupate hekima. Ujumbe si dawa. Neno likitumwa kwa watu wengi namna moja, haliingii katika nyumba ya kila mtu. Katika nchi ya Senegali walichagua wakati ambao wagonjwa wenyewe wanapata shida: mwaka 2014 walituma ujumbe hasa kwa ajili ya mwezi wa Ramadhani, kwa sababu Waislamu wengi wenye sukari wanafunga, na kufunga kunaweza kuwaletea hatari. Pale neno la simu lilikutana na siku ya taabu.

Na sisi Wakristo, je, hatufungi? Tunafunga. Tunakesha katika maombi. Wako wanaofunga siku tatu, nao wanachoma insulini. Tena wako walioambiwa na mtu fulani kwamba wamekwisha kupona, basi watupe dawa. Mtengenezaji wa simu aliye mbali atajuaje mambo haya, asipoketi na washirika wa kanisa? Mimi kwa upande wangu nawaambia wazi: Mungu anaponya, na insulini pia ni kipawa chake. Usiitupe. Na kabla ya kufunga, njoo kwanza utuulize.

Mambo anayoyajua mgonjwa wa Katoyi

Sasa nitaje mambo machache. Si mambo ya vitabu. Ni mambo yanayosemwa wakati wagonjwa wanapoketi kwenye benchi na kuongea wao kwa wao, wakidhani sisi hatusikii.

La kwanza ni chakula. Tuseme simu inalia kila siku saa moja asubuhi na saa moja jioni: Choma sindano yako sasa. Mtengenezaji anafikiri amefanya vema. Lakini siku ile soko halikuwa zuri, mama hakuuza kitu, chungu hakijawekwa motoni. Mgonjwa mtiifu anasikia simu, anachoma sindano, halafu hakuna chakula. Sukari inashuka. Anatetemeka, jasho linamtoka, kichwa kinazunguka, maneno yanachanganyika. Asiposaidiwa anaweza kuzimia, hata kufa. Vidonge vingine, kama glibenklamidi, vinaweza kuleta hatari ile ile.

Unaona basi? Simu iliyotumwa kuokoa inaweza kuua. Mgonjwa angeulizwa tangu mwanzo, angesema neno moja tu: Bwana, kabla simu haijaniambia nichome sindano, iniulize kwanza kama chakula kipo. Neno hili halihitaji chuo kikuu. Linamhitaji mtu aliyelala na njaa.

Hapa nitie fundisho kidogo. Mwenye dalili hizo, akiwa macho na kuweza kumeza, mpe upesi vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, halafu chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu kinywani. Mlaze kwa ubavu, mlete hospitali mbio. Wala usiache insulini yote kwa kufikiri kwako siku chakula kinapokosekana, kwa maana kuiacha kabisa nako ni hatari, zaidi kwa watoto na vijana. Tuulize mapema: siku ya njaa nifanye nini?

La pili ni simu yenyewe. Katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo inakaa mfukoni mwa baba. Mama ndiye mwenye sukari. Ujumbe unafika mchana, baba yuko kazini. Anasoma usiku, au hasomi. Pengine msichana hajataka majirani wajue ugonjwa wake, kwa kuwa anaogopa kukosa mchumba. Nao ujumbe unatangaza jina la ugonjwa juu ya kioo, mbele ya kila aliyeshika simu. Tena moto wa simu unanunuliwa: unapeleka simu kuchaji, unalipa, unangoja. Uniti zinakwisha. Simu inaibiwa, namba inabadilika. Programu inayotaka simu kubwa na mega nyingi haitamfikia mwenye simu ndogo ya vitufe.

La tatu ni lugha. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwa Kifaransa, lakini tunalia na kuomba kwa Kiswahili, na wengine kwa Kinande, Kihunde, Kishi au Kinyarwanda. Hata Kiswahili si kimoja. Ujumbe ulioandikwa Dar es Salaam unasema kisukari, nasi tunasema ugonjwa wa sukari, au diabeti. Unamwambia mtu apunguze chapati, naye anakula fufu na sombe. Na wako wazazi wetu wasiojua kusoma kabisa. Hao wanahitaji sauti ya mtu, tena sauti ya hapa. Mgonjwa akiulizwa, atasema: Chakula chetu ni mihogo, maharagi, lengalenga, ndizi na sambaza wa ziwa letu. Nifundisheni kupima hivi.

La nne ni miguu. Mji wetu unakaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mawe haya yanakata kama kisu. Mtu wa sukari anaweza kupoteza hisi ya nyayo. Anakatwa asijue, kidonda kinaoza, na mwisho tunakata mguu. Simu nyingi za sukari zinahesabu chakula na sindano. Ni chache zinazouliza kila jioni: Umetazama nyayo zako? Lakini mgonjwa wa Goma angetaka swali hili liwe la kwanza. Usingoje simu. Kila jioni osha miguu, ikaushe, tazama chini na katikati ya vidole. Usipoona vema mwombe mtoto akutazamie. Usitembee bila viatu hata uani.

La tano ni siku za mbio. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka, na siku chache baadaye watu wengi wa Goma waliamriwa kuhama. Wengine walikwenda Sake, wengine Rwanda. Januari 2025 vita viliingia mjini, na umeme, maji na intaneti vikakatika. Programu inayoishi kwa intaneti tu inakufa siku ile mgonjwa anapoihitaji zaidi. Mgonjwa aliyekimbia na chupa ya insulini nguoni angewaambia watengenezaji: Mambo ya lazima yakae ndani ya simu yenyewe, yafunguke bila mtandao, tena niandikieni kwenye karatasi pia, kwa maana simu inaweza kuachwa nyuma.

Wagonjwa waliofungua njia

Pengine mtu atacheka: Mgonjwa atafundishaje watu wa mashine? Sikiliza habari hizi za kweli.

Huko Marekani alikuwako mhandisi, jina lake Richard Bernstein, aliyekuwa na sukari tangu utoto. Mwaka 1969 alisikia habari za mashine mpya iliyopima sukari kwa tone moja la damu. Lakini haikuuzwa kwa wagonjwa, iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Mke wake alikuwa daktari, akamnunulia. Yule mtu akajipima nyumbani mara nyingi kila siku, akajifunza jinsi chakula na sindano vinavyobadili damu yake, na afya yake ikatengenea. Wakubwa wa elimu hawakutaka kumsikia. Basi, akiwa amepita miaka 40, akaingia chuo cha udaktari, akawa daktari. Leo mgonjwa kujipima nyumbani ni jambo la kawaida duniani.

Tena yuko Dana Lewis, mwanamke wa Marekani mwenye sukari. Alikuwa na mashine ya kupima iliyopiga kengele sukari iliposhuka usiku. Lakini kengele ilikuwa na sauti ndogo, naye alikuwa na usingizi mzito. Aliogopa kwamba hataamka. Mwaka 2013, pamoja na mwenzake, akatengeneza njia ya kupeleka habari zile kwenye simu ili zipige kelele zaidi. Kazi ile ikaendelea, na mwaka 2015 akawagawia wengine bure maarifa ya mashine inayoongoza insulini yenyewe. Ni nani angejua kwamba kengele haitoshi? Ni yule anayelala kando yake.

Usiseme kwamba hao ni matajiri. Huko Kamboja liko shirika la MoPoTsyo, lililoanza mwaka 2004, ambalo wagonjwa wa sukari wenyewe hufundishwa ili wawafundishe majirani zao. Na karibu nasi, katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Kenya, wagonjwa hawakuwa na friji za kutunzia insulini. Sheria ilisema dawa ikae katika baridi, kwa hiyo wengine walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano. Watu wa Madaktari Wasio na Mipaka na wa Chuo Kikuu cha Geneva hawakuwalaumu wagonjwa kwa kukosa friji. Walipima joto la nyumba zao, kisha wakaijaribu insulini katika joto lile, lililopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Mwaka 2021 walitangaza kwamba chupa iliyofunguliwa ilidumu vema majuma manne. Waliyaanza mambo kwenye nyumba ya mgonjwa, wakapata jibu la kumsaidia mgonjwa.

Wanaopinga

Wengine husema: Mgonjwa hakusoma, atapoteza wakati wetu. Nami nasema: kazi ya mwaka mzima inayotupwa ndiyo inayopoteza wakati. Wengine husema: Wagonjwa wataomba mambo yasiyofaa, watataka kuambiwa kwamba soda ni halali. Pengine mmoja atasema hivyo. Ndiyo maana daktari naye yuko mezani. Sisemi mgonjwa aandike kipimo cha insulini kwa mapenzi yake. Hesabu ya dawa ni kazi ya waliofundishwa. Lakini saa, lugha, sauti, siri, chakula, gharama, mambo hayo ni ya mgonjwa, wala mtu mwingine asimwamulie.

Kumbuka habari ya Daudi alipokwenda kupigana na Goliati. Mfalme Sauli alimvika silaha zake mwenyewe, kofia ya shaba na vazi la chuma. Zilikuwa silaha nzuri za kifalme. Lakini Daudi alijaribu kutembea, akaona haziendi, kwa sababu hakuzizoea. Akazivua. Akashika teo, kitu alichokijua. Simu nyingi zinazoletwa kwetu ni silaha za Sauli. Ni za thamani, zilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Heri Sauli aliyekubali kijana azivue.

Neno kwa watengenezaji na kwa wakubwa wa kanisa

Ninyi mnaotengeneza, njoni kabla ya kuanza. Ketini jikoni, tazameni chungu, hesabuni simu za nyumba. Waiteni wanawake peke yao pia, kwa maana mbele ya waume wengi hunyamaza. Waiteni wasiojua kusoma. Mlipeni mgonjwa nauli na chakula cha siku ile, kwa kuwa ameacha biashara yake. Mkiisha kutengeneza, rudini mwulize tena, na mwonyeshe ni neno lake lipi mmelifuata. Wala msichukue habari za damu yake kwenda nazo mbali bila ruhusa yake.

Ninyi wachungaji na mashemasi, toeni chumba cha kanisa mara moja kwa mwezi, wagonjwa wa sukari wakutane. Waongee wao kwa wao. Chama cha namna hiyo ndicho kitakachojua kujibu siku ya kuulizwa.

Neno kwako mgonjwa

Sasa nakuja kwako. Iko desturi moja kwetu iliyo nzuri, lakini hapa inatudhuru. Daktari akiuliza, Umeelewa? tunasema, Ndiyo, dokta. Mgeni akiuliza, Simu hii ni nzuri? tunasema, Ni nzuri sana, aksanti. Tunasema hivyo kwa heshima, na kwa hofu ya kunyimwa msaada. Halafu tunarudi nyumbani, tunaweka simu sandukuni.

Ndugu yangu, dada yangu, heshima isiyosema kweli si heshima. Mgeni yule atakwenda na ndiyo yako, atawapelekea watu elfu kitu kisichofaa, na mmoja wao atachoma sindano bila chakula kwa sababu wewe ulinyamaza. Kusema kweli kwa upole ni kumpenda jirani. Basi shika mambo haya:

1. Uandike, au mwambie mtoto aandike, shida tatu za sukari zinazokusumbua zaidi katika juma.
2. Ukiulizwa juu ya kifaa, kitumie kwanza nyumbani siku chache, ndipo ujibu.
3. Ukiona jambo gumu, usiseme, Mimi ni mjinga. Sema, Jambo hili ni gumu.
4. Uliza: Ni nani atakayesoma habari zangu? Nitalipa nini? Simu ikizimika nitafanya nini?
5. Usiache dawa, kipimo wala siku ya kliniki kwa sababu ya simu. Simu ni msaidizi. Haiwezi kutazama kidonda chako wala kukushika mkono.

Bartimayo aliambiwa anyamaze, hakunyamaza. Naye alipoulizwa alijibu wazi, wala hakuona haya. Wewe nawe usinyamaze.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika chama

1. Katika nyumba yetu, simu ni ya nani, na ujumbe wa mgonjwa ungesomwa na nani?
2. Siku ambayo chakula hakipo, mgonjwa wetu anafanya nini na sindano yake? Tumekwisha kumwuliza mwuguzi?
3. Kama simu ingeweza kutuuliza swali moja tu kila jioni, tungetaka liwe lipi?

Leta majibu yenu siku ya kliniki. Tutayasoma, na tutayatunza, ili siku watengenezaji watakapokuja wayakute tayari. Bwana awape nguvu ya mwili na ujasiri wa kusema.